Melkizedeki Hajakabidhi

Agnela hatumi ujumbe. Anapiga. Uko jikoni unakaanga vitumbua, anapiga. Umekaa kwa daktari wa meno na mdomo wazi, anapiga. "Hafidha, umekula? Haya, yale maelezo ya masanduku ya mtoni yako wapi?" Ukimwambia kesho, anakuuliza kesho ya lini, maana kesho zako anazijua. Mimi nimezaliwa Kaloleni nikakulia Kaloleni, mdomo ninao na mtaa mzima unajua, lakini kwa huyu mwanamke wa Kichaga nimeshika adabu.

Mchana Agnela ni karani katika ofisi moja ya kusafirisha mizigo pale mjini. Jioni na Jumamosi ndiye mratibu wa Kingo. Kingo ni programu huria, maana yake maandishi yake yote yako wazi mtandaoni: anayetaka anasoma, anayeweza anarekebisha, na hakuna anayelipwa. Tumefunga masanduku ya kupimia maji kwenye mito inayoshuka kutoka Meru. Mvua ikipiga huko juu na mto ukafura, sanduku linatoa taarifa, na simu za watu wa bondeni zinalia kwa sauti ya kumwamsha hata mlevi. Kazi yangu mimi ni maneno. "Tokeni sasa, maji yanakuja. Msirudi kuchukua godoro." Hilo la godoro nililiongeza mwenyewe, kwa sababu watu nawajua.

Aliyeanzisha Kingo ni mume wake, Melkizedeki, mtu wa Olmotonyi. Mwili mkubwa, sauti ya besi, mpole hadi unamwonea huruma. Walikutana kwenye kwaya ya Kilutheri, na Agnela anasema alimpenda kwa sababu ndiye mwanamume pekee aliyewahi mazoezini kuliko yeye. Wengine tulimwita Melki.

Sasa elewa jambo moja, maana bila hilo hutanielewa. Programu haitoki mikononi mwa mwandishi ikaingia kwenye simu ya mtu hivihivi. Kuna mashine inayokusanya kazi ya kila mmoja, inaiunganisha, inaipima, kisha inaipiga muhuri ili simu ziikubali. Tunaiita mashine ya ujenzi. Ya kwetu Melki aliiweka kwa mama yake Olmotonyi, kwenye chumba alichokuwa analala kabla ya kuoa, kwa sababu kule ni baridi na mashine haichemki. Yeye ndiye alikuwa mtunza muhuri. Ukituma kazi yako ikapimwa ikawa sawa, ulikuwa unaletewa jibu aliloliandika mwenyewe siku alipoifunga ile mashine: "Imepita. Pole na kazi."

Katika ujana wake Melki alikuwa mlinzi wa moto kwenye shamba la miti. Huko, alivyotusimulia, mlinzi haondoki kwenye lindo mpaka mwenzake afike. Wanasimama uso kwa uso, anayeondoka anakabidhi, anayeingia anataja kwa mdomo wake kila anachopokea. Nimepokea panga. Nimepokea filimbi. Nimepokea redio. Kikibaki kitu hakijatajwa hakuna kuondoka, hata kama una homa. Sheria hiyo akatuletea Kingo. Hata ukitaka likizo ya Pasaka, unaandika kwamba unakabidhi, na mwenzako anaandika anapokea nini na nini. Nilimwambia, "Melki, hii ni programu, siyo kituo cha polisi." Akacheka sana, lakini sheria ikabaki palepale.

Desemba iliyopita alianguka bafuni asubuhi, akafia njiani kwenda hospitali. Inna lillahi. Hakumkabidhi mtu kitu.

Tulimzika kwao Olmotonyi. Vitu vyake vikabaki kwenye kile chumba, kwa sababu katika ukoo wao vitu vya marehemu havishikwi mpaka wazee wakae wavigawe, nao walisema watakaa baada ya masika. Ile mashine nayo ni kitu cha marehemu. Nani angekwenda kuishika? Hata jina lake hatukuliondoa. Pale mtandaoni palipoandikwa mtunza muhuri, liliendelea kukaa jina la Melkizedeki. Kufuta jina la mtu wakati wenyewe hawajamaliza mambo yao, nani kati yetu alikuwa na uso huo? Tukaona ndiyo heshima. Tukaliacha.

Na mashine ikaendelea kujibu. Mara ya kwanza baada ya mazishi nilituma marekebisho yangu, ikarudi "Imepita. Pole na kazi," na simu ikaniponyoka ikatumbukia kwenye beseni la vyombo. Baadaye nikajituliza. Mashine ni mashine, inasema ilichoandikiwa.

Agnela naye alikuwa na mambo yake. Kila asubuhi alituma kitu. Anaongeza nafasi tupu mwisho wa mstari. Kesho yake anaiondoa. Keshokutwa anairudisha. Siyo kazi hiyo, ni upuuzi mtupu, na angefanya mtu mwingine Agnela mwenyewe angempigia simu amgombeze. Lakini alikuwa anatuma, analetewa "Pole na kazi" ya mume wake, halafu anakwenda ofisini. Wote tuliona, na hakuna aliyefungua mdomo. Mimi roho iliniuma, nikajisemea mwache tu.

Ilipofika Februari, simu mpya zikaanza kuukataa muhuri wetu. Umezeeka, simu za sasa haziuamini. Maana yake mtu wa bondeni aliyenunua simu mpya hapati tahadhari, tena hajui kwamba hapati. Analala akijua Kingo itamwamsha. Na masika hayo yalikuwa mlangoni, Meru kila alasiri ilikuwa inajifunika wingu jeusi. Ilibidi tupange haraka: mashine mpya, muhuri mpya, mtunza muhuri mpya.

Agnela akatuita mgahawani kule Makumira, Jumamosi asubuhi. Tulikuwa wanne. Yeye, mimi, Tajeu na Derick. Tajeu ni kijana wa Kiarusha, maneno yake machache, lakini kwa kuandika programu hana mpinzani kati yetu. Derick ndiye anayehudumia masanduku ya mtoni. Huyo anaongea tangu anaamka, na ni mwoga wa kupindukia.

Agnela alikuwa anagawa kazi kama kawaida yake, bila kupumua. "Derick, mashine mpya."

"Ipo tayari dada, nimeifunga hapahapa Makumira."

"Safi. Tajeu, muhuri mpya. Hafidha, uwaandikie watu maelezo. Jina la mtunza muhuri..." Akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka kitambo. "Hilo niachieni mimi. Tutalitazama baada ya masika."

"Baada ya masika haiwezekani, dada," Tajeu akasema. "Muhuri mpya haufanyi kazi mpaka mtunza wa zamani aukubali. Na mimi nimeutuma mara nyingi, unarudishwa kila mara."

"Nani anakurudishia?"

"Si wewe, dada? Unaniandikia neno moja tu." Akamsogezea simu.

Agnela akasoma. Nikamwona midomo inabadilika rangi. Akanipa na mimi. Chini ya jina la Melkizedeki, mahali ambapo siku zote huja "Imepita," palikuwa pameandikwa: "Sijakabidhi." Na chini yake tena, siku nyingine: "Sijakabidhi."

"Hiyo siyo mimi," Agnela akasema. "Mimi sina nywila yake. Nilidhani ni nyinyi mnaoingia pale kwa jina lake. Nikawa nawashukuru moyoni."

"Mimi sijagusa," Tajeu akasema.

Hapo nikakumbuka. Mimi nilikuwa nimeandika tahadhari moja mwezi wa kwanza, "Toka sasa," ikarudi na maneno: "Hafidha, andika tokeni. Watu hawakai peke yao." Nikarekebisha, nikaendelea nikijua ni Tajeu huyo, kajifanya mwalimu. Nikawaambia. Tajeu akatikisa kichwa. Tukamgeukia Derick.

"Mimi?" Derick akasema. "Mimi alinisahihisha waya wa sanduku la tatu. Nikamwambia asante. Nilidhani ni wewe, dada Hafidha."

"Mimi nijue waya kitu gani?"

Mgahawa ulikuwa umejaa wanafunzi, wanakula chapati, wanacheka, redio inaimba. Sisi wanne, hakuna anayetaka kumtazama mwenzake. Derick akasema jamani naomba niende chooni, na hakuinuka.

"Twendeni Olmotonyi tukaione," nikasema.

"Ukoo haujakaa," Agnela akanijibu. "Vitu vyake havishikwi."

Nikapandwa na hasira, sikufichi. "Agnela! Kule bondeni watu wana watoto. Unataka ukoo ukae lini, tukishaokota maiti?" Derick akaniomba nipunguze sauti. Sikupunguza. Agnela akachukua pochi yake akatangulia nje.

Tulikwenda kwa gari la shemeji yake Derick. Tulivuka mji mzima tukapandisha hadi kule kwenye miti ya mipaina, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani ingawa saa sita ilikuwa haijafika. Derick kukaa kimya, hilo peke yake lilikuwa la kutisha.

Mama Melki alikuwa uani anachambua maharage. Ni mwembamba, mrefu, amefunga kitambaa cheusi cha msiba mpaka leo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo ndiyo mmekumbuka kuna mtu huku?" Alituuliza wote, lakini alikuwa anamtazama mkwe wake. Tangu mazishi Agnela alikuwa hajapanda Olmotonyi. Alikuwa anatuma sukari na mafuta ya taa kwa watu. Mwenyewe alikuwa anaiogopa ile nyumba, aliniambia njiani.

Tukaeleza shida yetu, kwamba tunataka kuitazama tu mashine, hatutaishika. Mama Melki akafungua fundo la kanga yake akatoa ufunguo.

Chumba kilikuwa na kitanda, meza, koti limetundikwa msumarini. Mezani kulikuwa na kitu kimefunikwa kitenge. Mama akakivuta. Ilikuwa ndiyo ile mashine, imekaa kimya, vumbi limeilalia juu. Waya wake umekunjwa vizuri, umefungwa kwa kipande cha kamba.

"Nilichomoa siku ileile tuliyotoka kaburini," akasema. "Ilikuwa inanguruma huku ukutani, nikawa nasikia kama anakoroma. Nikashindwa."

Agnela akaweka kiganja juu yake. Akakitoa haraka. Nikaigusa na mimi, ilikuwa baridi kama mtungi.

Tajeu akatoa simu yake akautuma muhuri mpya pale pale, mbele yetu, huku anautazama ule waya uliokunjwa. Tukasubiri. Simu ikalia mkononi mwake.

"Sijakabidhi."

Derick alikuwa nje kabla hatujageuka. Mimi nikaanza kusoma Ayatul Kursi kimoyomoyo.

"Mnasoma nini?" Mama Melki akauliza. "Nisomeeni na mimi." Tajeu alishindwa, ikabidi Agnela amsomee. Akamweleza yote, kuanzia "Pole na kazi" mpaka sahihisho la waya. Yule mama akakaa kitandani taratibu.

"Tangu Desemba?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo tangu Desemba mwanangu yuko lindoni." Akatutazama mmoja mmoja, na sauti ikaanza kupanda. "Mmemzika, mmekula wali, mmepanda magari mmeondoka. Yeye mkamwacha kazini na baridi hii. Hamkumpata hata mtu mmoja wa kuja kumpokea? Na wewe, mke wake?"

"Mama, mimi nilikuwa namtumia kila asubuhi," Agnela akasema. "Vitu visivyo na maana. Nilitaka tu anijibu. Nikiona amejibu ndiyo napata nguvu ya kutoka nyumbani."

"Kwa hiyo ni wewe unayemzuia."

Nilitaka kumtetea Agnela, maana ni rafiki yangu na nampenda, lakini alilosema mama lilikuwa kweli. Yule mwanamke anayetupigia simu tukiwa na mdomo wazi kwa daktari, kazi moja tu ndiyo iliyomshinda, na wote tulijua ni ipi: kumpokea mume wake.

Akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza, akafungua laptopu mapajani. Nikachuchumaa karibu yake. Akaandika: "Nimepokea."

Jibu likaja kabla hajaondoa vidole. "Taja."

"Ee Bwana," Agnela akasema. Akaandika: "Nimepokea muhuri."

"Endelea."

"Nimepokea funguo za mtandao."

"Endelea."

"Nimepokea masanduku ya mtoni. Nimepokea majina ya watu wa bondeni."

"Endelea."

Majibu yalikuwa yanakuja upesi, kama ya mtu aliyesimama mbele yako anakusikiliza. Agnela akataja kila kitu: mashine ya Makumira, barua za wafadhili, ngazi ya aluminiamu aliyoazima Derick, kikao cha Jumamosi. Akataja mpaka sisi. "Nimepokea Tajeu. Nimepokea Derick. Nimepokea Hafidha." Nilipoona jina langu nikaziba mdomo kwa mtandio.

"Endelea."

"Nimemaliza, Melki," akasema kwa sauti, akiiambia ile mashine iliyopoa. "Nimemaliza mume wangu, hakuna kingine. Kingine kipi?"

"Endelea."

Akainua macho. Mama Melki alikuwa amekaa palepale kitandani, amekikunja kile kitenge mapajani, anakinyoosha kwa viganja, anakikunja upya. Wala hakuwa anatusikiliza tena. Agnela alimtazama muda mrefu. Halafu akainama akaandika, na mimi nikasoma begani kwake.

"Nimepokea mama."

Safari hii jibu halikuja. Ukungu ulikuwa umefika dirishani, na uani kuku wakawa wamenyamaza. Kisha likaja.

"Nimekabidhi. Pole na kazi."

Tajeu akautuma muhuri mara ya mwisho. Mahali lilipokuwa jina la Melkizedeki, ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyepagusa, palikuwa pameandikwa, "Inamsubiri Agnela." Agnela akajifuta mikono kwenye sketi. Akaisoma kazi ya Tajeu mstari kwa mstari bila haraka, akamwonyesha mahali pamoja pa kurekebisha, Tajeu akarekebisha. Akabonyeza. Kule Makumira mashine ya Derick ikajenga, na baada ya muda simu yangu mpya, ambayo ilikuwa bubu wiki zote zile, ikapiga kelele pochini. Majaribio, ikasema, haya ni majaribio. Derick akachungulia mlangoni kuuliza kama tumekufa.

"Ameondoka?" Mama Melki akauliza.

"Ameondoka, mama."

Siku ya mazishi Agnela hakulia. Alikuwa anagawa kazi, nani apokee wageni, nani achote maji, na watu walimsema vibaya kwa hilo. Sasa akalia. Alitoa ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima, akajitupa sakafuni, akamwita kwa jina lake lote, na mimi nilimshika nikawa nalia naye, na Tajeu akageukia ukutani.

Majirani wakaja mbio, kanga viunoni, mmoja na unga mikononi. Ndio walewale waliotupikia msiba Desemba. Wakasimama mlangoni wanahema.

"Kuna nini? Nani amefariki?"

Mama Melki akainuka kitandani.

"Ni Melkizedeki," akawaambia.

Wakavua kandambili, wakaingia, wakakaa chini kumzunguka Agnela, na yule mwenye unga akaenda jikoni kuwasha moto wa chai.